Stesheni Mpya Iwekwe Mahali Gani?

Katika miji yetu mikubwa habari ya kuongezwa stesheni za reli husikika mara kwa mara, nayo hupokewa kwa furaha na watu wakaao mbali na kazi zao. Furaha hiyo ni ya haki. Mtu atokaye Githurai au Embakasi alfajiri, akakaa ndani ya matatu isiyosogea hata jua likapanda, hana haja ya kufundishwa faida ya treni. Lakini yafaa wasomaji waelewe jinsi stesheni inavyopangwa, kwa maana jambo hili halianzi kwa mawe na saruji, na wenyeji wa mtaa wana neno la kusema kabla fundi wa kwanza hajafika.

Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899, mahali palipokuwa tambarare yenye majimaji, na wakuu wa reli wakaweka kambi yao kabla ya kuanza kazi ngumu ya kupanda milima. Nyumba zilifuata baadaye. Hata mitaa ya wafanyakazi wa reli, kama vile Muthurwa na Makongeni, iliwekwa mahali ambapo mtu aliweza kufika kazini kwa miguu. Njia ya Thika nayo, iliyofunguliwa mwaka 1913, ilikusudiwa kuchukua mazao ya mashamba, wala si makarani na vibarua wa mjini. Mwaka 1948 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 119,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 4,397,073. Basi mambo yamegeuka. Zamani mji uliifuata stesheni. Siku hizi stesheni huutafuta mji, nayo ifikapo hukuta ardhi imekwisha kukaliwa.

Mwezi wa Novemba mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, upande wa mashariki. Kwa kuwa huko nafasi ilikuwapo, kipande kipya cha reli kilijengwa kuunganisha stesheni hiyo na njia ya zamani, na uwanja wa kuegesha magari ukatengenezwa, ili mwenye motokaa aiache hapo na kupanda treni. Shauri hilo lilikuwa jema kwa mwenye motokaa. Stesheni za Makadara na Imara Daima zilizofuata zilikuwa na kazi ya namna nyingine, maana katika mitaa ya karibu nazo, na hasa katika vijiji vya Mukuru, watu wengi hutegemea miguu yao.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu mzima aendaye mwendo wa kawaida hupita mita 800 kwa dakika 10 hivi. Ukiishika ramani, ukachora duara la mita 800 kila upande wa stesheni, utapata eneo la kilomita mbili za mraba. Karani huchora duara hilo kwa bikari, akahesabu nyumba zilizomo, naye akaridhika. Nasema hivi nikiwa karani mimi mwenyewe! Lakini mama mwenye mtoto mgongoni hatembei juu ya ramani. Akikuta ukuta wa kiwanda, au mto usio na daraja, au reli yenyewe imezungushiwa ua usio na mlango, zile mita 800 huwa kilomita mbili, naye huona heri arudi kwenye matatu. Kadhalika ramani haionyeshi tundu la uani ambalo mtaa mzima hulipitia kila asubuhi. Apangaye stesheni na asimame penye tundu hilo saa kumi na moja na nusu alfajiri, ahesabu watu, awaulize waendako. Pengine ataona kwamba stesheni yafaa kuwa na milango miwili, mmoja kila upande wa reli, ingawa mlinzi na mkata tikiti watazidi kuwa wawili.

Mafundi nao wana sababu zao, nazo si ndogo. Njia ya zamani ina upana wa mita moja tu baina ya vyuma vyake, na sehemu kubwa ni njia moja, ambayo treni za abiria huitumia pamoja na zile za mizigo. Treni mbili zikikabiliana, hazina budi moja ingoje kando mpaka nyingine ipite. Tena kila kituo kinachoongezwa humchelewesha yule aliyekwisha kupanda mbele, kwa kuwa treni hupunguza mwendo, husimama, kisha huanza tena polepole. Kwa hiyo haiwezekani kila kijiji kipewe stesheni yake, hata kama mheshimiwa fulani ameahidi.

Lakini jambo zito kuliko yote ni la watu waliokwisha kukaa kando ya reli. Katika Githurai wachuuzi wamezoea kutandaza nyanya na mitumba hadi penye vyuma, na kuondoa mali yao upesi treni inapokaribia. Ni hatari kubwa, wala simsifu mtu kwa kuifanya. Hata hivyo wapo hapo kwa sababu wanunuzi hupita hapo. Stesheni itazidisha wanunuzi hao. Basi mpango usiowawekea soko utawafukuza leo na kuwaona tena baada ya majuma mawili.

Mwaka 2004 wakazi wa kando ya reli katika Kibera na Mukuru walipewa ilani ya siku 30 wahame. Wengi hawakuwa na pa kwenda. Vyama vya wanavijiji vilipinga, yakafanywa mazungumzo, na wajumbe wakasafiri mpaka Mumbai, nchi ya India, wakaone jinsi watu wa kando ya reli kule walivyojihesabu wenyewe na kuhamishwa kwa mapatano. Waliporudi, ilani ile haikutekelezwa. Mwaka 2005 watu wa Kibera na Mukuru wakahesabiwa, nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, na baadaye zikajengwa nyumba na maduka kwa ajili yao. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na wako walionung'unika kwa kuchelewa. Lakini mimi naona orodha ile ya majina ilikuwa chombo cha reli sawasawa na nyundo na mataruma, kwa maana pasipokuwa nayo hakuna ajuaye nani analipwa na nani anadanganya.

Ziko njia za kujaribu kabla ya kutumia fedha nyingi. Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba mwaka 2012, walianza kusafirisha abiria wa mjini kwa treni katika reli za zamani zilizokuwapo. Mtaa unaokua waweza kupewa kwanza jukwaa la kawaida, taa, na paa la mabati, abiria wahesabiwe mwaka mmoja, ndipo jengo kubwa lifuate.

Taa hizo zisiishie jukwaani. Udongo wa mashariki ya Nairobi ni mweusi wenye kunata, na wakati wa masika mtu huacha kiatu chake humo. Njia ya changarawe yenye mwanga, kutoka stesheni hadi barabara ya mtaa, kwa mfanyakazi wa kike arudiye saa mbili za usiku, ina thamani kuliko ukumbi wa vioo. Tatizo ni kwamba ardhi ya stesheni ni ya reli, na njia iliyo nje ya lango ni ya serikali ya kaunti. Githurai nayo imekaa mpakani, sehemu yake iko Nairobi na sehemu iko Kiambu, hata ofisi zinazopasa kukubaliana juu ya njia hiyo ni tatu. Ramani ya stesheni iwekwe mbele ya zote tatu, na mtoaji wa changarawe aandikwe jina, kabla shimo la kwanza la msingi halijachimbwa.