Karatasi, Redio na Kishikwambi: Mafunzo ya Walimu Kazini Handeni na Korogwe

Mtumishi anapohitaji kujifunza zaidi, desturi ni kumwondoa kazini kwa muda na kumpeleka chuoni. Njia hiyo ina sifa zake, lakini darasa lililoachwa hubaki bila mtu. Katika shule ya sekondari ya kijijini yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia, mwezi wake wa chuoni ni mwezi usio na fizikia. Ndiyo sababu swali la kumfikishia mwalimu masomo pale pale alipo limezuka mara kwa mara nchini Tanzania.

Jibu kubwa lilitolewa baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Walimu walihitajika kwa makumi ya maelfu, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa haraka hiyo. Hivyo, kati ya 1976 na 1984, vijana zaidi ya 45,000, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, walipelekwa moja kwa moja shuleni. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakajifunza kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Mwishowe walikaa chuoni wiki sita. Takriban 38,000 walihitimu, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa kama nusu ya ile ya mafunzo ya bweni. Inafaa kuangalia kwamba hakuna chombo kimoja kilichoachiwa kazi yote. Karatasi ilibeba hoja, redio ilihimiza, na mkufunzi alikaa nyuma ya darasa akatazama.

Je, chombo gani kinafaa leo? Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zinapakana, lakini kwa mawimbi ya redio ni kama nchi mbili. Mji wa Korogwe uko bondeni, karibu na Mto Pangani, na juu yake imesimama milima ya Usambara Magharibi, ambako viko vijiji kama Bungu na Vugiri. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na lile la simu la megahezi 900 halizidi sentimita 34. Mawimbi ya namna hiyo husafiri karibu sawa na mwanga: nyuma ya mlima pana kivuli. Wimbi la kati la kilohezi 1,000, kwa upande wake, lina urefu wa mita 300, nalo hujipinda na kuambaa na ardhi. Kwa hiyo bonde lililopata kipindi cha Radio Tanzania mwaka 1976 laweza leo kukosa kituo cha FM kilicho karibu zaidi. Handeni shida ni nyingine. Nchi ni ya tambarare na vilima vya hapa na pale, vijiji vimetawanyika, na mnara mmoja huhudumia watu wachache katika eneo kubwa.

Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni kwao na pia husoma kwa mtandao. Watu wengi hudhani kwamba kishikwambi maana yake ni video. Hesabu ndogo yatosha kuondoa dhana hiyo. Video ya kawaida ya kilobiti 500 kwa sekunde hula megabaiti 225 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, hula megabaiti 11 hivi. Kitabu cha kurasa 100 zenye herufi 2,000 kila moja, bila picha, hakizidi megabaiti 0.2. Saa moja ya video, basi, ina uzito wa vitabu zaidi ya elfu moja, na anayelipia kifurushi mara nyingi ni mwalimu mwenyewe.

Lakini uzito si kipimo cha pekee. Pengine si hata cha kwanza. Mwanafunzi wa masafa huvunjika moyo anapotuma zoezi likakaa miezi bila kusahihishwa, na hilo lilikuwa donda la masomo ya posta tangu zamani. Ujumbe mfupi wa simu, unaopita hata penye mtandao dhaifu, waweza kurudisha sahihisho siku hiyo hiyo. Chombo duni kinachojibu chamfaa mwalimu kuliko chombo cha fahari kisichojibu.

Yapo pia mambo yasiyopita hewani kabisa. Kupima nguvu ya asidi kwa kudondosha alkali tone kwa tone huelezwa vizuri kwa maandishi, na video huonyesha rangi inavyobadilika. Mkono wa kufunga koki ya bureti kwa wakati wake haufundishwi na kimojawapo. Kwa somo hilo mwalimu wa Handeni hana budi kupanda basi, na barabara ya kwenda Korogwe ni kilomita 65. Maelezo yote mengine aweza kuyapakua mjini siku hiyo hiyo, penye mtandao wenye nguvu, akarudi nayo kijijini katika kadi ndogo kuliko ukucha.