Lisemwalo Lipo?

Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne Wakongo wapige kura, tume ya uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliwatangazia wakazi wa Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, kwamba wao watasubiri hadi Machi. Rais mpya angeapishwa Januari. Sababu zilizotajwa zilikuwa ukosefu wa usalama na Ebola. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni, na watu waliokuwa humo wakisubiri majibu ya vipimo wakakimbia. Tarehe 30 wakazi wa Beni walijiandalia uchaguzi wao wenyewe, wakapanga foleni na kutumbukiza kura ambazo Kinshasa haikuwa na mpango wa kuzihesabu.

Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa. Je, ugonjwa huu unaambukiza kwenye kituo cha kura tu? Mtu akishajiuliza hivyo, hayuko mbali na jibu lililokuwa likizunguka mitaani tangu mlipuko ulipotangazwa Agosti: hakuna Ebola, hii ni biashara ya wakubwa.

Septemba mwaka huohuo watafiti walikuwa wamewahoji watu wazima 961 katika miji hiyo miwili. Takriban mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Waliowaamini viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, yalionyesha kwamba asiyewaamini wakubwa na aliyeukubali uvumi ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo.

Aliye mbali husema ni ujinga, kisha analala usingizi wake vizuri. Lakini watu wa Beni walikuwa na kumbukumbu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya eneo hilo vilikuwa vikishambuliwa usiku, watu wakiuawa kwa mapanga, na askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa nchini humohumo. Miaka minne baadaye yakamiminika magari mapya, wageni, mahema na mishahara ambayo haijawahi kuonekana, yote kwa ajili ya homa. Aliyezika ndugu zake bila kusaidiwa na mtu alikuwa na haki ya kushangaa. Uvumi ulimkuta tayari ana swali, na wenyewe ukawa na jibu.

Jambo hili lina historia ndefu katika saikolojia. Januari 1934 tetemeko kubwa liliipiga Bihar, India, na nchi jirani ya Nepal. Mwanasaikolojia wa Kihindi Jamuna Prasad akakusanya uvumi uliofuata, na ndani yake mlikuwa na kitu cha ajabu: watu wa maeneo yaliyotikiswa bila kubomolewa ndio waliokuwa wakisimuliana kwamba balaa kubwa zaidi liko njiani. Nyumba zao zimesimama, watoto wazima, kwa nini wajitishe? Leon Festinger wa Marekani aliisoma kazi hiyo akaja na maelezo yake mwaka 1957. Ardhi ilikuwa imetetemeka na miili bado ilikuwa na hofu, ila macho hayakuona cha kuogopa. Habari ya balaa lijalo ikaipa hofu ile mahali pa kukaa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii inaeleza kwa usahihi wa kutisha jinsi ubongo unavyofanya kazi, hasa pale unapokosea. Mwaka 1977 wanasaikolojia Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu sentensi 60 wakadirie ni za kweli kiasi gani. Zoezi likafanywa mara tatu kwa jumla, kila baada ya wiki mbili, na baadhi ya sentensi zilikuwa zilezile. Zile zilizorudi zilizidi kuonekana za kweli, ziwe za kweli au za uongo. Kitu kilichokwisha kupita masikioni hueleweka kwa wepesi, na ubongo huuchukua wepesi huo kama ushahidi.

Je, elimu haimkingi mtu? Kidogo kuliko tunavyopenda kudhani. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake waliwasomesha watu sentensi kama hii: sari ni jina la sketi fupi yenye mikunjo inayovaliwa na Waskoti. Hata waliokuwa wakijua jina halisi la vazi hilo waliiona sentensi hiyo kuwa ya kweli zaidi baada ya kukutana nayo mara moja kabla. Anayebisha aikumbuke Loliondo ya 2011, nchini Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge. Katika foleni ile ndefu ya magari, wasomi hawakukosekana. Kila kona kulikuwa na habari ya mtu aliyepona, na hakuna aliyehesabu mara ngapi ameisikia habari ileile.

Simu imeongeza kasi tu. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, duniani kote. Lakini ujumbe uliotoka kwa shangazi hubeba heshima ya shangazi, hata kama naye kaupokea kwa asiyemjua. Baada ya muda kichwa kinabaki na habari, na aliyeileta kasahaulika.

Kukanusha nako kuna ufundi wake. Mwaka 1994 Hollyn Johnson na Colleen Seifert waliwasimulia watu habari ya ghala lililoungua, na kwamba kabatini mlikuwa na rangi za mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye wakawaambia kabati lilikuwa tupu. Walipoulizwa moshi mzito ulitoka wapi, wengi waliendelea kutegemea zile rangi ambazo hazikuwepo. Rangi zilipungua nguvu pale tu waliposimuliwa chanzo kingine, kwamba moto ulitiwa makusudi. “Si kweli” huacha shimo katika hadithi, na mtu hulifukia kwa udongo uleule wa zamani.

Kule Beni shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya uzio wa kituo. Mgonjwa aliingia akitembea, akatoka ndani ya mfuko, na katikati hapo ndugu hawakuona kitu. Ndipo zikaja habari za viungo vya miili kuibwa. Mlipuko huo uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020, na zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Waliopona waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini. Na shirika la tiba la ALIMA lilileta vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, kila mgonjwa na chake. Mama mtu aliweza kusimama nje, akamwona mwanawe kitandani, akamwita kwa jina.