Serikali Ikikaza Mkanda, Nani Huumia Kwanza?

Kila mwezi wa Juni bajeti inaposomwa bungeni, tunasikia habari za kuchochea uchumi na kubana matumizi. Wengi wetu huwaachia wataalamu maneno hayo. Katika makala hii tunayaeleza kwa lugha ya kawaida, tukitumia yale tuliyoyaona hapa Kenya tangu mwaka 2020.

Kuchochea uchumi

Serikali huchochea uchumi inapoongeza matumizi yake au inapopunguza kodi ili fedha zibaki mifukoni mwa watu. Ndivyo ilivyofanya Aprili 2020, korona ilipofunga biashara. VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kikatoka 30 hadi 25, na anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa. Vijana wa mitaa ya mabanda nao wakapewa vibarua vya usafi kupitia Kazi Mtaani.

Faida yake haiishii kwa mtu wa kwanza. Tuseme kijana amelipwa shilingi 500. Ananunua unga na sukuma wiki. Mama mboga anapeleka kiatu kwa fundi, na fundi anapanda bodaboda. Fedha zilezile zimewalisha watu kadhaa. Hata hivyo, dawa hii hufaa pale ambapo mikono na mali vimekaa bila kazi. Fedha zikiongezwa wakati bidhaa ni chache, watu huzigombania na bei hupanda.

Mzigo wa deni

Fedha hizo mara nyingi hutoka kwenye mikopo. Kenya ilikuwa na dola bilioni 2 za kulipa Juni 2024, zilizokopwa mwaka 2014 kwa riba ya chini ya asilimia 7. Ili kuzilipa, Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10. Hofu ya kushindwa kulipa ilipopungua, shilingi ilipata nguvu: dola moja iliyovuka shilingi 160 mwezi Januari ilikuwa karibu 130 mwezi Aprili. Kwa hiyo wanaodai nchi ipunguze deni hawasemi ovyo. Kila shilingi ya riba ni shilingi isiyonunua dawa za zahanati.

Kubana

Serikali hubana kwa kukata matumizi au kupandisha kodi. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mishahara ikakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba. Kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukalenga kukusanya takribani shilingi bilioni 346 zaidi. Pendekezo la kutoza mkate VAT liliondolewa mapema, lakini hasira haikutulia. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini.

Ubaya wa kubana kwa ghafla ni kwamba ule mzunguko wa shilingi 500 hurudi kinyume. Mteja akipunguza, mama mboga hupunguza, na fundi hukosa kazi. Mauzo yakishuka, kodi nayo hushuka, na deni lililokusudiwa kupungua huweza kubaki zito vilevile.

Kipimo cha haki

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na swali hili kwa Aristotle, anayefundisha kwamba haki ya kugawa hufuata uwiano. Asilimia 16 ni ileile dukani kwa kila mtu, lakini uzito wake si mmoja. Mwenye mshahara mkubwa hulipa na kuendelea na safari yake. Kibarua ambaye karibu kipato chake chote huishia kwenye chakula na nauli hupunguza sahani ya watoto.

Kwa hiyo bajeti ijayo itakaposomwa, tuulize mambo matatu. Je, uchumi umelala au umechangamka? Kinachokatwa ni marupurupu na safari za wakubwa, au ni dawa na karo? Na mzigo unamwangukia nani? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kuuliza, basi, ni haki yetu, na wakati wake ni kabla mswada haujapitishwa.