Kuvuja kwa Kizuizi cha Damu na Ubongo, na Jinsi Kunavyopimwa

Ubongo wa mwanadamu umezungushiwa ngome tatu. Ya kwanza ni fuvu la kichwa, ambalo kila mtu alijua. Ya pili ni ngozi nyembamba zinazoufunika, pamoja na maji yaliyomo baina yake. Ama ya tatu haionekani kwa macho, kwani imo ndani ya kuta za mishipa midogo kabisa ya damu. Ngome hii huitwa kizuizi cha damu na ubongo, na kazi yake ni kuchagua: oksijeni na sukari huruhusiwa kupita, bali sumu nyingi, vijidudu na protini za damu huzuiliwa. Kizuizi kikilegea, ubongo huweza kudhurika. Swali linalowashughulisha wataalamu ni kama ulegevu huo waweza kupimwa katika mtu aliye hai, nao ungali mdogo.

Habari za kizuizi hiki zilianza mwaka 1885, wakati Paul Ehrlich, tabibu wa Ujerumani, alipoeleza jinsi alivyotia rangi katika damu ya wanyama. Viungo karibu vyote viliingia rangi, lakini ubongo ulibaki kama ulivyokuwa. Yeye alidhani kwamba ubongo hauna tabia ya kushika rangi zile. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume: aliitia rangi katika maji yauzungukayo ubongo. Mara hii ubongo ulishika rangi, na viungo vingine havikushika. Ikadhihirika kwamba kasoro haikuwa katika ubongo wenyewe, bali kuna kitu kinachoutenga na damu. Mahali penyewe palibainika mwaka 1967, wakati Thomas Reese na Morris Karnovsky walipotazama ubongo wa panya kwa hadubini ya elektroni, wakaona kwamba seli za ukuta wa mshipa zimeshikamana hata protini haipenyi baina yake.

Mfano ulio karibu ni jahazi. Seli ni kama mbao, na viungo vya seli ni kama kalafati iliyoshindiliwa baina ya mbao. Mishipa midogo ya viungo vingine vingi haikukalafatiwa sana, na maji ya damu hupenya kwa urahisi. Mishipa ya ubongo imekalafatiwa barabara. Hata hivyo, kama jahazi lolote, hapana budi kidogo kupenya. Basi kuuliza kama kizuizi chavuja au hakivuji hakutoshi. Lililo muhimu ni kujua chavuja kiasi gani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo. Ugonjwa huu hufuatana na uzee na shinikizo kubwa la damu. Yapata moja katika tano hadi moja katika nne ya viharusi vinavyotokana na kuziba kwa mishipa hutokana nao, na ni katika sababu kubwa za kupotewa na kumbukumbu na akili uzeeni. Mwaka 2003 Joanna Wardlaw na wenzake wa Edinburgh walitoa rai kwamba huenda kulegea kwa kizuizi ndiko chanzo cha madhara hayo: maji ya damu hupenya polepole, yakaharibu ukuta wa mshipa na sehemu za ubongo zilizo kandokando. Ikiwa kuvuja hutangulia, tabibu aweza kuushika ugonjwa kabla ya kiharusi. Ikiwa hufuata, dawa ya kuziba mvujo itakuja baada ya jahazi kujaa maji. Na lipi ni kweli haliwezi kukatwa bila ya kipimo cha kuaminika.

Chombo kinachotumika ni mtambo wa picha za sumaku, ambao hospitalini hujulikana kwa herufi MRI. Mtambo huu una sumaku yenye nguvu nyingi, nayo huvielekeza viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili. Mawimbi ya redio huvitikisa viini hivyo, navyo virudipo katika utulivu wake hutoa ishara, ambayo hugeuzwa kuwa picha. Kisha mgonjwa hutiwa katika mshipa wa mkono dawa yenye gadolini, madini ambayo huviharakisha viini kurudi katika utulivu. Palipo na gadolini hung'aa zaidi katika picha. Dawa hii haipenyi kizuizi kilicho kizima. Kwa hiyo ikionekana imejikusanya nje ya mishipa ya ubongo, ni dalili ya mvujo.

Katika uvimbe wa saratani mvujo huwa mkubwa, na doa jeupe huonekana kwa jicho tupu. Katika ugonjwa wa mishipa midogo sivyo. Mara nyingi mng'ao huongezeka kwa asilimia chache tu, au hata chini ya moja. Tena si mng'ao wote utokao katika mvujo, kwa kuwa damu iliyo bado ndani ya mishipa nayo ina gadolini. Hapa mfano wa jahazi wafaa tena. Nahodha akiona maji katika ngama, hana budi kujua kama yalirushwa na wimbi au yameingia baina ya mbao. Ya wimbi huingia kwa mara moja, kisha hayaongezeki. Ya mvujo huzidi kila saa. Kwa hiyo picha hupigwa nyingi mfululizo, kwa muda wa robo saa au zaidi, na hesabu iliyoelezwa na Clifford Patlak na wenzake mwaka 1983 hutenga kile kilichomo mishipani na kile kinachozidi kadiri muda upitavyo.

Lakini mtambo wenyewe haukai hali moja. Ishara yake huweza kupanda au kushuka kidogo kidogo pasipo mgonjwa kubadilika, na badiliko hilo huweza kulingana na mvujo unaotafutwa. Ni kama kupima kitambaa kwa ufito unaorefuka mkononi. Aidha mgonjwa akigeuza kichwa kidogo, hesabu huharibika. Ndiyo sababu ya kupima hali ya ubongo kabla ya kutia dawa, kupima gadolini iliyomo katika mshipa mkubwa wa kichwani, na kujua kadiri ya chembe nyekundu katika damu, kwa kuwa gadolini haiingii ndani ya chembe hizo. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mapendekezo ya namna moja ya kupima, kwa sababu matokeo ya hospitali mbili zilizotumia njia mbili hayawezi kulinganishwa.

Dawa yenyewe yataka hadhari. Tangu mwaka 2006 ilijulikana kwamba aina zake nyingine zaweza kuwaletea watu wenye maradhi makubwa ya figo ugonjwa wa kukakamaa ngozi. Kwa hiyo zinatafutwa njia zisizohitaji dawa, kama ile ya kutia alama ya sumaku katika maji ya damu yenyewe na kuyafuata yapitapo. Ila maji hupenya kwa urahisi kuliko gadolini, na kipimo chake hakielezi jambo lile lile.

Fundi wa jahazi hangoji chombo kizame ndipo atafute kalafati. Lakini hali kadhalika, anayedhani kila tone la ngama ni mvujo atabandua kalafati iliyo nzima. Faida ya kipimo hiki kwa mgonjwa imo katika kuyatenga maji hayo mawili, na kazi hiyo ingali ikiendelea.