Etiketi kwenye mufuko wa koltani: inafanya kazi gani, na inakomea wapi?

Ukifungua telefone yako, utakuta ndani vipande vidogo sana, vingine kama punje ya muchele. Kuna kinachotunza umeme kidogo na kuutoa pale unahitajiwa: kinatengenezwa na tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Bati ya kasiteriti inashikanisha vipande. Wolframu inafanya telefone itetemeke. Zahabu inapitisha umeme. Yote ine inachimbwa huku kwetu. Ndiyo maana sheria zinazoandikwa Washington ao Brussels zinafika mpaka kwenye mashimo ya Rubaya.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza: ile etiketi yenye namba kwenye mufuko, ni ya nini?

Ilianza namna gani?

Mwezi wa Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinadai kampuni zilizo kwenye soko la hisa ziseme kama madini hayo mane yanatoka Kongo ao inchi jirani, na kama yanasaidia watu wa silaha. Haikukataza kununua, lakini wanunuzi wengi waliogopa wakakimbia. Septemba ya mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wazazi wengi walikosa feza ya masomo na ya dawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya, yenyewe, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021.

Njia ya mufuko

Kwanza, timu ya serikali, shirika la raia na wengine inakagua kilima na kukipa rangi. Kijani maana yake hakuna watu wa silaha, wala watoto ao mama wenye mimba kwenye kazi. Hapo ndipo mchimbaji anaweza kuuza kihalali. Ajenti wa serikali anapima mufuko, anaufunga etiketi, anaandika namba na kilo kwenye kitabu. Kwa negosian, mufuko unapewa etiketi ya pili. Halafu unaenda kwenye depo ya anayetuma inje, na kutoka pale mpaka kiwanda cha kuyeyusha, mbali na Kongo.

Kile kiwanda ndicho mlango mwembamba. Madini yakisha kuyeyushwa na kuchanganywa, ni vigumu sana mutu kujua yalitoka kilima gani. Kwa hiyo kampuni za telefone zinakagua viwanda, na viwanda vinategemea namba zilizoandikwa kule juu ya kilima.

Panapovuja

Etiketi inaonyesha namba. Haionyeshi kama aliyeifunga alisema kweli. Ikifungwa mbali na shimo, ao ikiuzwa kwa siri, madini ya kilima chenye vita yanaingia katika mufuko safi. Mfano ni Rubaya: M23 waliishika Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba karibu tani 120 za koltani kwa mwezi zilipitishwa kuelekea Rwanda na kuchanganywa na ya kule.

Tena kuna swali la bei. Kazi ya kufuata mufuko inalipwa, na gharama inasukumwa chini, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa yule mwenye nyundo na beleshi. Anapoona mufuko bila etiketi unalipwa haraka usiku, si ajabu akivutwa.

Inatuhusu vipi?

Kanuni ya madini ya 2018 inagawa redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta, cheferi ao komini, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Mzigo ukivuka mpaka kwa siri, ile 15% haiji. Ni barabara, masomo na santé ya kwetu inayopotea.

Kwa hiyo, ndugu mchimbaji: kama kilima chako kiko kijani, omba mufuko upimwe na ufungwe mbele yako, pale pale kwenye shimo. Andika namba na kilo zako mwenyewe. Na sisi wengine tuulize wakubwa wa cheferi: redevansi imeingia ngapi, imefanya nini? Etiketi ni karatasi tu kama hakuna mwenye kuichunga.