Bwawa jipya limejaa mwani? Usikimbilie mrututu, soma hapa kwanza



Juzi jioni nilipigiwa simu na kijana mmoja wa hapa Kalangalala. Ni mchimbaji, kapata hela kidogo kwenye duara, akaamua kuweka akiba kwenye bwawa la samaki badala ya kuinywa. Uamuzi mzuri sana. Bwawa lina wiki saba. Akaniambia, "Bwana samaki, maji yamekuwa kijani, na pembeni kuna manyuzi kama nywele. Jirani kanishauri niweke mrututu. Ninao hapa mkononi. Niweke kiasi gani?"

Nikamwambia, weka chini kwanza, nakuja kesho asubuhi.

Swali lake nimeshaulizwa mara nyingi, ndo maana leo naandika kwa kirefu. Neno langu kubwa ni hili: mwani kwenye bwawa changa siyo ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa. Ni dalili kwamba chakula kwenye maji ni kingi kuliko bwawa linavyoweza kukitumia, au kwamba jua linafika chini. Ukiua mwani bila kugusa sababu, utarudi. Na mara nyingi kabla haujarudi unakuwa umeshaua samaki.

Mwani siyo wa aina moja

Kabla ya kufanya lolote, tazama una mwani gani.

1. Maji ya kijani. Hivi ni vijimea vidogo sana ambavyo huwezi kuviona kimoja kimoja. Hiki ni chakula cha sato, na mchana ndicho kinachotengeneza hewa majini. Kikiwa cha kiasi, ni rafiki yako.

2. Manyuzi. Huanza chini kwenye tope au pembeni penye kina kifupi, halafu yanaelea kama sufi iliyolowa. Huyapata zaidi kwenye bwawa jipya lenye maji maangavu, kwa sababu jua linapiga hadi chini. Vifaranga hunasa humo, na wavu wa kuvunia unakuwa mzito. Usitegemee sato wadogo wayamalize kwa kuyala.

3. Utando wa kijani-bluu unaoelea juu kama rangi ya mafuta iliyomwagika, wenye harufu mbaya, unaokusanyika upande ambao upepo unasukumia. Huu ndo wa kuogopa. Baadhi yake hutoa sumu, na samaki wanaweza kuwa na ladha ya tope. Ukiuona, usinyweshe ng'ombe wala mbuzi maji hayo.

Kwa nini bwawa changa ndo linasumbuka

Bwawa likiwa jipya, wale bakteria wanaokula uchafu wa samaki bado ni wachache. Samaki wanakunya, chakula kinabaki, samadi inaoza, na hakuna wa kutosha wa kusafisha. Mbolea hiyo yote inamsubiri wa kwanza kuichukua, na wa kwanza siku zote ni mwani.

Wala siyo mabwawa yetu peke yake. Hata wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe kwenye matangi ya vioo hukutana na shida hii miezi ya mwanzo: kwanza utando wa kahawia juu ya mchanga, halafu nyuzi za kijani kwenye mawe. Na wao wenye uzoefu hawakimbilii dawa. Wanapunguza chakula, wanatoa nyuzi kwa mkono, wanabadilisha maji kidogo kidogo, wanasubiri tangi likomae. Maji ya chumvi au ya mvua, sheria ni ile ile.

Kosa langu mwenyewe

Niwaambie ukweli. Miaka kadhaa iliyopita kuna mama mmoja alichimba bwawa la mita 10 kwa 20, akaweka vifaranga 600 wa sato. Mwezi wa tatu akaniita. Maji yalikuwa kijani kibichi. Nikasimama ukingoni, nikasema, "Mama, hongera, maji mazuri haya, endelea na samadi." Sikupima. Niliangalia kwa macho tu, nikapanda bodaboda nikaondoka.

Ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Siku mbili zikapita za mawingu mazito, jua halikutoka kabisa. Siku ya tatu, saa 11 alfajiri, simu ikaita: samaki wote wamekuja juu, wanapanua midomo. Nilipofika kumepambazuka, na zaidi ya nusu walikuwa wameshageuka matumbo juu. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema maji ni mazuri?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Leo ninalo. Mchana mwani unatoa hewa, lakini usiku nao unavuta hewa ile ile wanayovuta samaki. Ukiwa mwingi kupita kiasi, hewa inakwisha kabla ya asubuhi, na saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Mawingu yakikaa siku mbili, mwani hautengenezi hewa ya kutosha mchana, halafu unaanza kufa, na unapooza unakula hata ile kidogo iliyobaki. Kambale anaweza kupanda juu akavuta hewa ya kawaida. Sato hana uwezo huo.

Na mrututu je?

Mrututu unaua mwani, sikatai. Lakini unafanya kwa mikono yako kile kilichofanywa na mawingu kwa yule mama. Mwani wote unakufa kwa pamoja, unaoza, hewa inakwisha. Pili, shaba iliyomo ndani yake ni sumu kwa samaki wenyewe, hasa kwenye maji yasiyo na chokaa ya kutosha. Tatu, mbolea iliyokuwa ndani ya mwani inarudi kwenye maji, na baada ya muda kijani kinarudi. Kwa hiyo umelipia dawa, umepoteza samaki, na mwani bado unao.

Sisi watu wa ukanda wa dhahabu tumezoea kwamba kila kazi ina kemikali yake. Kwenye bwawa sahau mazoea hayo. Na tukiwa hapo hapo: usivute maji kutoka kwenye mialo ya kuchenjulia wala yanayotiririka kutoka kwenye marundo ya marudio. Zebaki huingia kwenye samaki, na samaki huyo analiwa na mwanao.

Pima, usikisie

Chukua mfuniko wa ndoo ya rangi, ugawe sehemu nne, paka nyeupe na nyeusi kwa kupishana. Upigilie msumari katikati kwenye fimbo nyoofu uliyoichora alama za sentimita kuanzia kwenye mfuniko. Saa 4 hadi saa 6 mchana, siku ya jua, ushushe majini polepole mpaka usiuone, kisha soma fimbo.

- Chini ya sm 20: mwani umezidi. Simamisha samadi leo hii, punguza chakula, jiandae kubadilisha maji.
- Sm 20 hadi 40: ni sawa. Ukikaribia 20, punguza samadi.
- Zaidi ya sm 40: maji ni maangavu mno. Hapa ndo manyuzi hupata nafasi.

Kama maji ni ya kahawia kwa sababu ya tope la mvua, kipimo hiki hakikuambii habari za mwani. Subiri tope litulie.

Ukikuta manyuzi

Yatoe kwa reki au kwa mkono, asubuhi baada ya jua kuchomoza. Usiyaache ukingoni yaoze na kurudi na mvua. Yapeleke shambani, ni mbolea nzuri ya mchicha. Fanya hivyo kila baada ya siku mbili tatu, kidogo kidogo. Kisha ongeza kina. Hata pembeni pasipungue sm 60, na katikati pawe mita 1 au zaidi. Ukishayatoa na maji bado ni maangavu, weka samadi kidogo ndani ya kiroba kilichotobolewa. Najua inashangaza kuongeza mbolea kwenye bwawa lenye mwani, ila kijani cha kiasi kinatia kivuli chini na manyuzi yanakosa jua.

Ukikuta maji yamekolea kijani, au utando umetanda

Simamisha samadi kabisa. Chakula fanya kwa hesabu, siyo kwa huruma. Samaki 600 wa gramu 50 kila mmoja ni kilo 30. Asilimia 4 yake ni kilo 1.2 kwa siku, ugawe mara mbili. Kikibaki kinaelea baada ya dakika 20, kesho punguza. Toa maji ya chini, yale ya kwenye tope, kiasi cha robo ya bwawa, ujaze mapya. Utando unaoelea uukusanye kwa ndoo upande ambao upepo umeusukumia, ukaumwage mbali na kisima. Kama samaki wana ladha ya tope, wahamishie kwenye maji safi yanayobadilishwa kwa siku kadhaa kabla ya kuuza.

Na tafadhali, usilete magugu maji kutoka ziwani ati yatie kivuli. Yataziba bwawa lote, na kuyatoa ni kazi kubwa kuliko mwani wenyewe.

Ukiamka ukute samaki wanahema juu

Usiwape chakula. Usiweke dawa yoyote. Washa pampu uvute maji ya bwawa hilo hilo uyarushe juu yaanguke kama mvua, au ingiza maji mapya kwa kuyamwaga kutoka juu. Huna pampu? Ita watoto na majirani, chukueni ndoo, chota na kumwaga mpaka jua lipande. Siku za mawingu, toka saa 11 alfajiri ukaangalie mwenyewe.

Kwa anayeanza

Anza na udongo: chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, kabla ya kujaza. Jaza, weka samadi ya kiasi, subiri siku 7 hadi 10 maji yaanze kubadilika rangi, ndipo ulete vifaranga, 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba. Usiweke zaidi kwa tamaa.

Kijana wangu wa mrututu tulipima pamoja: sm 17. Manyuzi ya pembeni yaliota mwanzoni, maji yalipokuwa maangavu, halafu kijani kikazidi. Alikuwa anamwaga ndoo mbili za kinyesi cha kuku kila wiki, na pumba bila kipimo. Tumesimamisha samadi, tumetoa manyuzi toroli mbili, tumebadilisha maji robo. Mrututu kaurudisha dukani. Nimemwambia anitumie kipimo kila Jumatatu.

Yule mama naye bado anafuga. Bwawa lake la pili nililipima mwenyewe kila wiki kwa miezi mitatu, mpaka akaniambia, "Inatosha, mwanangu, sasa najua." Fimbo ile anayo yeye hadi leo.

Tengeneza yako wiki hii, upime, kisha niandikie namba uliyoipata. Tukutane kwenye somo lijalo.