Maji Yaliyofichwa Hewani

Umepata kuweka gilasi ya maji baridi mezani, kisha ukaona matone nje yake? Gilasi haivuji. Maji hayo yametoka hewani, maana hewa huchukua mvuke siku zote, hata jangwani. Kazi ni kuushika.

Bwana Omar Yaghi aliijua shida ya maji tangu utoto. Alizaliwa mwaka 1965 mjini Amman, Yordani, katika jamaa ya wakimbizi wa Kipalestina. Maji ya bomba yalifunguliwa kwao kwa saa chache tu, mara moja kwa juma moja au mawili, na vyombo vyote sharti vijazwe kabla hayajakatika. Alipokuwa mtaalamu wa kemia huko Marekani, alitengeneza vitu viitwavyo MOF.

Kwa macho, MOF ni unga tu. Lakini ndani mna vyumba vidogo mno, kama sega la nyuki: madini ndiyo nguzo, na vijiti vya kaboni ndivyo boriti. Kuta za gramu chache za aina iliyotangazwa mwaka 1999, zikitandazwa, zingeenea kiwanja cha mpira.

Maji huingiaje? Chembe za kwanza hunata penye sehemu za ukuta zipendazo maji. Hizo nazo huzishika zinazofuata, mpaka chumba kijae. Unga ukishika kwa nguvu mno, hautaachia ila kwa joto kali. Ukishika kwa ulegevu, hautapata kitu katika hewa kavu. Sifa ya MOF iliyo njema ni kushika kwa kiasi: hujaa katika hewa kavu, na ikipashwa joto kidogo huachia mvuke, ambao hugusa ubao wa baridi ukawa matone.

Mwaka 2019 chombo kilichotumia umeme wa jua kilijaribiwa katika jangwa la Mojave, Marekani. Kila kilo ya MOF ya aluminiamu ilitoa lita 0.7 kwa siku. Basi ndoo ya lita 20 ingetaka kilo 29 hivi!

Kwa hiyo, ndugu, usilitupe pipa lako la mvua wala usikiache kisima kijae takataka. Lakini pasipo mvua wala kisima, lita moja ni uhai. Mwaka 2025 Bwana Yaghi, pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mtoto aliyekimbilia bomba hakuisahau ndoo tupu.